Mitamba Watano wa Ewuaso Kedong

Jumapili, 2 Machi 2025

Mimi ni mke wa Mugo! Nimeandika hivyo mara tatu kwenye kipande cha karatasi na bado nacheka peke yangu. Yeye amelala. Mkono mmoja umetoka nje ya blanketi kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali.

Jana kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje, kwenye jua la Kitengela. Baba alinifikisha mbele. Mama alilia, halafu akajikasirikia kwa kulia. Na Mugo alinitazama kana kwamba hakuna mtu mwingine hapo. Siku hiyo niihifadhi wapi? Hapa.

Mahari pia niandike. Kondoo walikuja, blanketi zikaja, asali ikaja. Mitamba watano ndio hawakuja kwa miguu. Mugo aliwaambia wazee: huku ni vumbi, mkiwaleta watakonda. Waacheni kwenye ranchi yetu ya Ewuaso Kedong, kule kuna nyasi, kila mmoja ana namba yake kwenye simu. Akaonyesha. Koini tano za Mtamba, sarafu ya mtandaoni anayoiuza, na kando ya kila koini picha ya ng'ombe. Wazee walisogea, wakavaa miwani, wakamsifu yule mwekundu mwenye baka usoni. Hakuna aliyeshangaa. Baba mwenyewe ana ng'ombe kwa rafiki zake kila upande, wengine hajawaona tangu nikiwa kidato cha pili. Kwetu ng'ombe kukaa kwa mtu ni kawaida.

Basi Baba akamshika Mugo mkono, akamwita Pakiteng'. Ukipewa ng'ombe, wewe na aliyekupa mnaacha majina, mnaitana hivyo. Mugo hakuelewa, nikamweleza sikioni. Alifurahi kama mtoto!

Alhamisi, 20 Machi 2025

Nimeenda ofisini kwake leo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mwanzia. Vijana sita na kompyuta, na picha kubwa ya ng'ombe ukutani. Mugo alinieleza tena, polepole, huku akinichorea. Mtu ananunua koini. Koini ni ng'ombe aliye ranchini. Ng'ombe akizaa, koini inapanda. Huhitaji shamba, huhitaji mchungaji, huhitaji mvua. Watu wa mjini wanapenda hapo kwa mvua.

Nilimuuliza, na akifa? Akasema mpenzi wangu, usiulize kama daktari wa mifugo. Tukacheka sana.

Mwanzia alikuwa kwenye ngazi. "Shemeji, mwambie bwana yako aniwekee wale wa maziwa. Hawa wa nyama nitawala kwa haraka!" Ameuza pikapu yake. Ana koini kumi na nane.

Nilirudi nyumbani nikapika chapati. Mugo alikula nne.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mambo yanakwenda mbio. Koini imepanda mara mbili tangu harusi. Mugo amesimamishwa mbele ya watu kanisani, mchungaji amemwita kijana mwenye maono. Timu ya mpira ya hapa imevaa jezi zenye kichwa cha ng'ombe. Tumepata gari jipya jeupe, na ndani lina harufu ya viatu vipya. Watu wanatoka hadi Kware na Tuala kununua, wanapanga foleni kwenye ngazi mpaka Mwanzia analalamika kwamba wateja wake wa misumari hawana pa kupita.

Nikiwa naye barabarani watu wanapunga mikono. Yeye ananishika kiuno mbele yao wote. Mungu wangu, nampenda.

Jumanne, 10 Juni 2025

Mvua ilikuwa nzuri. Baba amepiga simu: Isinya kumejaa nyasi, mwambie Pakiteng' niende nichukue wanyama wangu. Mugo akasema wako kwenye chanjo, angoje wiki tatu.

Ameniletea viatu vyekundu. Vinabana kidogo. Sikusema.

Jumapili, 6 Julai 2025

Baba tena. Mugo akasema wawili wana mimba, gari litawatikisa. Baba akajibu watatembea basi, ng'ombe ana miguu. Mugo akacheka, akabadilisha mazungumzo. Baba hakucheka.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Baba alikwenda Ewuaso Kedong bila kutuambia. Nimeyapata kwa Mama.

Hakukuta ranchi. Alimkuta Lemein, wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye. Baba hana picha kwenye simu yake ya kitochi, lakini picha zile alikuwa amezishika kichwani tangu siku ya mahari. Akaingia zizini kwa Lemein akamwona yule mwekundu mwenye baka. Akamkagua masikio. Mkato wa Lemein, alama ya mwenye mali. Akamtazama wa pili, na wa tatu. Wote wa Lemein, wamezaliwa hapo, mama zao wapo.

Lemein akasema vijana walikuja na kamera mwezi wa kwanza. Walimpa shilingi elfu tatu na kilo mbili za sukari. Alidhani ni watu wa kalenda.

Baba alipitia kwetu jioni akielekea Isinya. Mugo akamkaribisha, Pakiteng', karibu chai. Baba akasema: "Asante, Mugo. Nimeshiba." Hakukaa.

Nilimuuliza Mugo tulipobaki wawili. Hakukasirika. Akasema ng'ombe wangekuja. Alikuwa anangoja mwezi ujao anunue wote kwa pamoja, ng'ombe mia nne, wa kweli, halafu kila kitu kingelingana. Alisema kwa sauti ile ile aliyonieleza nayo ofisini akinichorea. Akaniuliza, unaniamini? Nikasema ndiyo. Kwa sababu nilimwamini.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Wamemkamata saa nne asubuhi. Maafisa watano, magari mawili. Nilifika wakiwa wanateremsha kompyuta. Picha ya ng'ombe haikupita mlangoni, wakaiacha kwenye ngazi.

Mwanzia alikuwa barabarani na watu kama hamsini. Hakunitukana. Alisema tu: "Shemeji, pikapu yangu ilikuwa inasomesha watoto watatu." Mwanamke mwingine ndiye aliyepiga kelele: "Bibi wa ng'ombe hewa ndiye huyo! Mwangalieni viatu!"

Nilikuwa na vile vyekundu.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mahakama ya Kajiado. Mashtaka kumi na saba ya kupata pesa kwa udanganyifu. Mugo alikana yote, sauti safi, shati lile la bluu nililompelekea. Alinitafuta kwa macho akatabasamu. Moyo wangu bado unaruka. Sijui niufanye nini.

Judy, wakili wetu, anasema dhamana itatolewa Alhamisi lakini hakimu atataka mdhamini mwenye hati ya shamba. Dada yake Mugo hapokei simu. Koini hazifunguki, na gari wamelichukua.

Nimekwenda Isinya. Nilipiga magoti. Baba ana ekari kumi na mbili. Majirani wote waliuza, sasa wanachunga kando ya lami na malori yanawapigia honi. Yeye alikataa, miaka yote alikataa. Aliniinua kwa mkono. Halafu: "Entito ai, msichana wangu, simtoi yeye. Nakutoa wewe."

Judy ametueleza mara mbili ili Baba aelewe. Mugo asipofika kortini hata siku moja, shamba linakwenda.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Naandika kwenye benchi la ukumbi wa mahakama. Hakimu amekubali. Baba ameapa ndani, amesema anamjua mshtakiwa, ameulizwa kwa miaka mingapi, akasema miezi sita. Watu wakacheka. Yeye alisimama tu.

Sasa imebaki karatasi moja. Karani anasema shamba ni la familia, mke lazima akubali kwa maandishi. Yaani Mama. Amekaa hapa kushoto kwangu, shuka jipya, fomu juu ya magoti. Alijifunza kuandika jina lake kwenye ngumbaru. Huliandika taratibu, kila herufi peke yake.

Kabla ya hapo askari aliniruhusu kumwona Mugo dakika mbili kwenye dirisha la seli. Alipitisha vidole kwenye wavu nikavishika. Vilikuwa baridi. Akasema nimekonda, akasema samahani, akasema ananipenda kuliko siku ya harusi. Nililia. Halafu akashusha sauti: "Nikitoka leo usirudi Kitengela. Chukua begi moja. Mpaka wa Namanga si mbali. Tukishavuka tutaanza upya, sisi wawili tu, Arusha. Ile fungate hatukuimaliza." Nikasema, na Baba? Akasema Baba nitamtumia. Ng'ombe kumi, si watano.

Alikuwa mzuri sana akisema hivyo. Ndiyo shida.

Nimerudi kwenye benchi. Baba yuko nje, anaongea na mzee mwingine kuhusu bei ya nyasi. Judy amekwenda kutoa nakala. Mama hajaniangalia tangu niketi. Ameuliza tu, kwa Kimaasai, taratibu, kama anayeuliza kama chumvi imekolea: mume wako atakuwa hapa siku ya kesi?

Sijajibu. Nimefungua daftari hili.

Karani anaita jina la Baba mara ya pili. Kalamu yao haiandiki. Mama amenyoosha mkono, anataka yangu. Nimemwambia subiri, Mama, namaliza mstari