Mchango kwa Mjumbe wa Juri

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya pili mahakamani. Treni ileile kutoka Kingsbury, kiti kilekile, wajumbe walewale kumi na wawili wa juri, raia wa kawaida tutakaoamua kesi. Mimi chuo kinanilipa mshahara kama kawaida. Mjumbe mwenzangu anayeketi kando yangu, Njeri, Mkenya anayehudumia wazee majumbani mwao, asipofanya zamu halipwi, na posho ya mahakama haifidii anachopoteza. Redioni wametaja muswada wa kuiongeza. Umeahirishwa tena.

Jumanne, 4 Machi
Njeri alimpelekea jaji swali kwa maandishi: shahidi alisimama upande gani wa barabara? Jaji akalisoma. Shahidi akatoa majibu mawili yasiyopatana. Nina kurasa kumi na nne za maelezo. Pengo hilo sikuliona. Nimeona haya.

Jumatano, 5 Machi
Wakala anayempangia Njeri zamu amempigia simu. Asiporudi Jumatatu, mgonjwa wake atapewa mtu mwingine. Kesho atamwomba jaji amtoe kwenye juri. Kizimbani yupo mtu anayeweza kufungwa miaka mingi, na anayesikiliza vizuri kutushinda sote anaondoka. Haifai. Kwetu mtu akikwama, watu huchanga. Nimetia fedha katika bahasha.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimpa bahasha wakati wa chakula. Hakuigusa.
“Mwalimu, hebu rudisha hiyo kitu mfukoni! Ukinipa leo, kesho nikikubaliana na wewe, si watasema umeninunua?” Kisha akacheka. “Na wewe ndiye msomi!”
Alisema kweli. Nia ilikuwa msaada. Sura ilikuwa hongo. Nami nafundisha maadili.

Ijumaa, 7 Machi
Jaji amemwachilia Njeri, kwa upole. Tumebaki kumi na mmoja, sheria inaruhusu. Shahidi wa pili, aliyetajwa tangu siku ya kwanza, alieleza habari za barabara ileile. Hakuna aliyepeleka swali. Hata mimi.

Jumatano, 12 Machi
Uamuzi: mshtakiwa ana hatia. Yaliyosemwa chumbani siyaandiki, hata hapa, sheria inakataza. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 15 Machi
Nilikwenda kwa Njeri, Queensbury. Ndiyo kwanza ametoka zamu, viatu bado miguuni. Bahasha ileile. Leo aliipokea kwa mikono miwili, akanimiminia chai. Tulizungumza juu ya mgonjwa wake, juu ya baridi. Nilipokuwa navaa koti ndipo aliponiuliza.
“Yule shahidi wa pili, Mwalimu. Mlimuuliza alisimama upande gani?”
Nikamwambia hapana.
Alinifungulia mlango.