Majina Matano ya Nyumba Yetu

Onduparaka, 25 Mei 2025

Driciru binti yangu,

Salamu zikufikie hapo Koboko, wewe na baba watoto na huyo mdogo anayekohoa. Amepona? Mimi niko, ila miguu inasumbua kama kawaida yake. Simu bado iko kwa fundi tangu mwaka jana, ndiyo maana bado nampa Swaibu wa teksi hizi karatasi.

Kanisa letu linaingia kwenye siku za maombi, kuanzia Kupaa hadi Pentekoste. Wanasema makanisa ya nchi nyingi yanaomba pamoja. Kila nyumba inaandika watu watano waliokwenda mbali, tuwaombee warudi. Jovia wa Umoja wa Akina Mama ndiye anashika daftari, na mkali kweli: walio hai tu, marehemu haandiki. Majina yanasomwa kuanzia Alhamisi asubuhi.

Nimempa wanne. Wa tano ni kaka yako Ondoga. Tangu apande lori la kwenda Kaya, huko Sudan Kusini, ni miaka miwili, hata salamu hakuna. Nilitaka kumtaja, mdomo ukakataa. Wewe uko karibu na mpaka wa Oraba, madereva wanapita kwako kila siku. Aandikwe?

Mama yako

Koboko, 27 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Pole sana na miguu. Mtoto amepona, anakula mpaka tunamwogopa. Huku mvua imetushika, soko lote ni matope, lakini tunauza hivyo hivyo.

Kwa madereva hakuna habari. Mwandikishe tu, Mama. Mungu yuko.

Binti yako Driciru

Koboko, 28 Mei 2025

Mama,

Umeamkaje? Usishtuke kupata barua nyingine upesi hivi. Mwite Pasca jirani yako akae na wewe kwanza, ndipo usome.

Jana nilikudanganya. Mwezi wa pili dereva anaitwa Nasiri alinitafuta dukani. Lori lao lilipinduka mbele ya Morobo na Ondoga alikuwa juu ya mizigo. Alikufa pale pale. Walimzika kwenye ua wa kanisa moja la huko, wakamwombea. Nasiri mwenyewe alichimba.

Nilimshukuru, nikaendelea kupima maharage. Nikasema presha ya Mama itapanda, nitamwambia Pasaka. Pasaka ikapita. Nilikuwa nikikuandikia habari za mtoto na za soko, na usiku nikilala vizuri. Hilo ndilo linanitisha, Mama. Nisamehe. Usimtaje kwa Jovia.

Binti yako

Onduparaka, 31 Mei 2025

Driciru,

Natumaini hamjambo nyote hapo. Mimi naendelea.

Barua yako ya pili ilinifikia Alhamisi mchana. Nilikuwa nimemwandikisha kaka yako kama ulivyosema, na asubuhi walikuwa wameshamsoma. Walisema Ondoga, arudi nyumbani, na kanisa zima likaitika Amina. Mindra wa kwaya akanikumbatia, akasema Mama, mwaka huu atakuja. Nilicheka naye.

Pasca alinisomea barua yako mara mbili, maana macho yangu hayakutaka. Yeye alilia. Mimi nilikaanga simsim, nikafagia, nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Mpaka leo machozi hayajaja, na hasira pia haijaja. Niko tu.

Jana nilimwendea Jovia, nikamwambia amfute, mtoto wangu hayuko tena kwa hiyo orodha. Alipiga kelele, uwi, akaanguka kitini. Nikamngoja amalize. Kisha akasema basi tuache pengo, Mama, nyumba yako ibaki na wanne.

Nikamwambia hapana, wa tano yuko. Ninaye mtoto aliyekwenda mbali tangu mwezi wa pili, na barua zake zilikuwa zinafika kila wiki, nami nikidhani yuko nami. Jovia akachukua kalamu.

Ameandika Driciru. Wanakusoma kila jioni hadi Pentekoste.

Mama yako