Jina Kwenye Gunia la Pilipili Manga

Doha, Qatar
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine iweke akiba, kwa ajili ya zile siku zote ambazo simu ilikatika kabla sijamaliza kukusalimu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwagiza Damasi akununulie mjini unaipaka, au umeihifadhi kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Nakujua. Mbuzi wamepona kikohozi? Mvua zimeshashuka huko mlimani au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima kabisa. Nje jua linachoma hata kupitia soli za viatu, lakini ndani ya stoo ninamofanyia kazi kuna ubaridi mpaka navaa ile sweta ya kijani uliyonifumia. Wenzangu wananionea wivu.

Barua hii anakuletea Dada Rehema, mwenzangu wa hapa, mwenyeji wa Kisaki, anayekuja likizo. Atamkabidhi Mjomba Anselmi pale stendi ya Msamvu. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ya kitochi haipokei ninachotaka kukuonyesha, na pia kwa sababu wewe kitu usichokishika mkononi hukiamini. Unakumbuka siku uliyonisindikiza Msamvu? "Tiketi iko wapi?" ukaniuliza. Nikakuonyesha kile kimraba cha QR kwenye simu. Ukamgeukia kondakta: "Baba, huyu mtoto atasafirije na madoa? Mwandikie karatasi." Kondakta akaiskani simu yangu, ikalia, akasema, "Mama, huyu ameshaingia, kiti chake cha dirishani." Hata hivyo ulisimama palepale mpaka basi likaondoka, ili nikishushwa unipokee. Basi mama, habari yangu ya leo ni ya madoa hayohayo.

Najua hujanisamehe kwa ile asubuhi Mjomba alipokuja na Zuhura, karani wa kikundi chenu cha wakulima, wakakutoa shambani mbiombio upigwe picha. Mjomba alikwambia tu kwamba mambo ya jina yamekwama. Mimi ndiye niliyemkataza kukueleza zaidi. Ungejua kilichokuwa kinaendelea huku ungesema mzigo urudi tu, tutakula wenyewe. Sasa yameisha, kaa kwenye kigoda chako nikusimulie.

Unajua nilikuja hapa hotelini kuosha vyombo. Leo hii, mama, mimi ndiye mtunza stoo ya jiko zima. Kila kinachoingia kina stika yenye kimraba: samaki, mchele, maziwa, mpaka chumvi. Naiskani kwa simu ya kazini, na simu inaniambia kimetoka wapi, kitaharibika lini, kikae rafu ipi. Kitu ambacho simu haikitambui hakivuki mlango wangu, hata akileta bwana mkubwa gani. Miezi ya mwanzo nilikuwa naandika na kwenye daftari pembeni, kwa siri, maana mimi ni mtoto wako. Siku moja umeme wa mitambo ulisumbua, simu zikagoma, na daftari langu ndilo lililolisha wageni wa hoteli nzima. Baada ya hapo ndipo nikapewa funguo.

Sasa kumbuka lile kopo la maziwa ulilonijazia pilipili manga nilipokuja likizo. Nilimpa Mpishi Mkuu anuse. Ni Mlebanoni mmoja mkali, hasifii kitu. Akatafuna punje moja, akafumba macho. "Nani amelima hii?" Nikamwambia: mama yangu, milima ya Uluguru. Nikamweleza unavyosubiri punje moja tu kwenye kichala iwe nyekundu ndipo unapanda ngazi kuchuma, unavyochagua moja moja kwenye mkeka, unavyowafukuza kuku. Akawaambia watu wake waitafute. Safari ya kuipata ilikuwa ndefu, kupitia yule mnunuzi wa Dar anayechukua mzigo wa kikundi chenu, na ikapita misimu miwili. Nikakata tamaa, nikaacha kuuliza.

Halafu Jumatatu moja asubuhi gunia zikashushwa mlangoni kwangu. Niliona neno Morogoro. Mama, sikuweza kujizuia. Niliwaita wote, Mpishi Mkuu, wakata mboga, waoka mikate, wasafisha samaki: njooni mumwone mama yangu! Maana nilijua ukiskani stika unaona shamba na mwenye shamba. Nikainua simu, nikaiskani mbele yao. Ukurasa ukafunguka: milima yetu, jina la kijiji, ule mdalasini mkubwa wa juu ya kijito. Mtu hakuna. Na chini ya picha imeandikwa, mwenye shamba: Matrida.

"Mama yako anaitwa Matrida?" akauliza Mpishi Mkuu.

Ningeitikia ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini hukunilea hivyo. Nikasema, "Huyo ni bibi yangu."

"Basi tumpigie. Kila mkulima tunamwona kwa video kabla ya kupokea mzigo wa kwanza."

"Bibi alishafariki. Zamani sana."

Akakunja uso. "Kolastika, marehemu halimi." Si mtu mbaya, mama, ila sheria ya hapa ni hiyo: stika ikisema uongo, mzigo unarudi. Na usingerudi wa kwako peke yako, ungerudi wa kikundi kizima, wa akina mama wote walioshinda juani pamoja nawe. Akanipa mpaka Alhamisi. Wenzangu wakatawanyika, kila mmoja akijifanya ana kazi ya haraka.

Nilibaki peke yangu kati ya magunia ya mchele, na hapo hapo nikaelewa kilichotokea, kana kwamba nilikuwepo. Zuhura alikuuliza, "Mama, shamba hili la nani?" Ukajibu kama mwanamke yeyote wa milima yetu angejibu: "La mama." Akauliza jina, ukasema Matrida. Ulitaka useme nini? Nani kwetu anasimama kwenye ardhi ya ukoo, makaburi ya wanawake wa ukoo yakimtazama, aseme "langu"? Zuhura ni mtoto wa Singida, amesoma sekondari ya Kilakala, ana akili nyingi, lakini nani amemweleza kwamba kwetu shamba hufuata matumbo ya akina mama, kutoka mama hadi binti? Kaandika alichoambiwa. Na picha yako haikuwepo kwa sababu ulikataa kupigwa ukiwa na kanga ya shambani. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka machozi, halafu yakaendelea kutoka wakati kicheko kimeshakwisha.

Nikampigia Mjomba. Nikamwambia: futeni Bibi, mwandikeni mama, nusu saa itatosha. Kesho yake akanipigia yuko pale kwenye kona ya kanisa penye mtandao, anahema. "Kola mwanangu, dada kakataa. Anasema hawezi kumfuta mama yake kwenye shamba lake kwa ajili ya gunia. Lukolo, ukoo wetu wa kina mama, likimuuliza atajibu nini? Ukoo mzima auambie kwamba ametumwa na simu?" Nikasema, "Mjomba, mwambie ni stika tu." Nikakusikia nyuma yake kwa sauti yako ileile ya kufukuzia nyani: "Kama ni stika tu, basi waiache ilivyo!"

Halafu ukasema na lile jingine. "Na mwulizeni huyo Kolastika, mimi nikiandikwa leo, kesho ataandikwa nani?"

Mama, swali hilo uliniuliza Pasaka, nikakwambia mtandao ni mbaya, sikusikii. Mtandao haukuwa mbaya. Nilikusikia vizuri sana. Nilikosa tu la kusema, kwa kuwa mimi ndiye binti yako wa pekee, na nilikuwa nimeanza kuzoea huku. Naona aibu kuliandika hili, lakini bora ulijue.

Jumatano nikaacha kushindana nawe, maana nani amewahi? Nikaanza kufikiri kama mtunza stoo. Kitu kisipoingia kwenye rafu moja, tafuta rafu nyingine. Nikampigia Zuhura: "Hiyo aplikesheni yenu ina nafasi ngapi za majina?" Akafungua. "Dada, kuna ya mwenye shamba na kuna ya mlimaji. Mimi huandika jina lilelile kote, maana watu huniambia jina moja tu. Na chini kuna mistari ya habari za shamba, huwa naiacha wazi." Nikamwambia, "Mdogo wangu, panda tena mlima kesho asubuhi. Usimuulize mama shamba ni la nani. Muulize nani alipanda mdalasini ule, na nani anapanda ngazi sasa. Na mpe muda abadilishe kanga."

Ndiyo asubuhi ile uliyonung'unika.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana Mpishi Mkuu akaja stoo mwenyewe. Nikamwambia askani yeye kwa simu yake. Stika ni ileile, mama, hatukuibandua. Ndivyo vilivyo vimraba hivi: mlango haubadiliki, lakini ndani unaweza kuhamisha vitanda. Ukurasa ukafunguka, na wewe hapo, chini ya mdalasini wa Bibi, umevaa kitenge cha Jumapili, umeshika ngazi kama askari. Mwenye shamba, Matrida. Mlimaji, Yustina binti Matrida. Na chini yake video aliyokuchukua Zuhura. Simu yake ina aplikesheni ya kutafsiri, akaiwasha, na maneno yako yakawa yanatokea kwa Kiarabu chini ya kidevu chako: "Mimi ni Yustina. Shamba ni la mama yangu Matrida. Pilipili ni zangu." Kisha ukamgeukia Zuhura ukauliza, "Nimemaliza?" Na hilo nalo likatafsiriwa.

Jiko zima lilicheka kwa furaha, mama, si kwa dharau. Mpishi Mkuu alirudia video mara mbili. Akasema, "Mzigo wote upokelewe." Nikaskani gunia moja moja, nikipanga kwenye rafu ya mbele, na kila simu ilipolia niliona kama umepita mlangoni kwangu umebeba kikapu. Sijawahi kujivuna vile tangu nizaliwe. Nakuambia waziwazi: najivuna kwa ajili yako, na najivuna kwamba ulikataa. Ungekubali nilivyotaka mimi, leo dunia ingesoma jina moja tu na Bibi angekuwa amefutwa na mjukuu wake mwenyewe.

Na sasa sikia hili. Wageni wa hapa hawapewi kitabu cha vyakula, kila meza ina kimraba, wanaskani wanasoma. Tangu wiki jana, kwenye orodha ya samaki, wanasoma: samaki wa kuchoma kwa pilipili manga ya Yustina, milima ya Uluguru. Juzi mama mmoja mzee mwenye vito mkononi aliuliza huyo Yustina ni mpishi wa ngapi hapa. Wakaniita nijibu. Nilitoka stoo na sweta yangu.

Sehemu iliyobaki ni ngumu zaidi kuandika. Siku ile mzigo ulipopokelewa, Mpishi Mkuu alibaki anaangalia simu. Akaweka kidole kwenye jina la Bibi, akakishusha kwenye jina lako, akakishusha tena penye ile mistari iliyoachwa wazi chini yake. "Na hapa?" akaniuliza. Wote wakanitazama. Nilimwambia kuna mtu ameuliza kabla yake, lazima nianze na huyo.

Nisalimie Mjomba Anselmi, mlinzi wa ukoo, mwambie asante kwa miguu yake ya kwenda na kurudi konani. Damasi mdogo wangu, mwambie aezeke upya banda la kuanikia. Shangazi wa ng'ambo ya kijito, shikamoo yake. Katekista, mwambie bado naimba sauti ya pili. Akina mama wote wa kikundi, waambie gunia zao zimekaa juu, mahali pakavu, nazilinda mwenyewe. Na Zuhura, mpe vichala vya ndizi kwa kupandishwa mlima mara mbili. Chini ya barua nimebandika stika iliyotoka kwenye gunia lako la kwanza kwisha. Ishike. Kisha Mjomba aiskani mbele ya wanawake wote, msome pamoja.

Na hili ndilo jibu langu la Pasaka, mama. Mkataba wangu unaisha kabla pilipili hazijaanza kuwa nyekundu, na sitasaini mwingine. Hapa nimejifunza mzigo unavyopokelewa, sasa nataka kujifunza unavyotoka. Mwambie Zuhura ule uwazi chini ya jina lako asiandike mtu mwingine. Na wewe, kwa goti hilo, usipande tena. Ngazi niachie mimi.

Ni mimi,
Kolastika wa Yustina wa Matrida