Kompyuta Isiyokuwa na Homa

Wargla, 3 Juni

Kaka Abdelbaki,

Salamu kwanza. Kifua chako na baridi ya Setif vimeshapatana? Sisi wazima; Hadil ameota jino la tatu na ananing'ata kwa raha zake.

Kaka, nisaidie haraka, nakuandikia kwa simu. Kompyuta yangu ya kuchorea mapambo ya darizi inajizima. Nikifika katikati ya ua inaandika joto la prosesa, ule ubongo wake, digrii mia na tano, halafu kimya, kazi yote imepotea. Lazhar anasema, "Mama Hadil, umenunua tanuri! Ijumaa naipeleka sokoni." Ikiuzwa, kazi yangu imekwisha, nami nina gauni la harusi mkononi. Lakini nimeigusa. Mkono huu unajua homa ya mtoto, na ile haina homa. Si wewe na wenzako mnaoandika programu ya kusoma joto hilo? Inasema uongo!

Dada yako,
Umelkheir

Setif, 4 Juni

Dada yangu, mama wa mpwa wangu mng'ataji,

Mimi mzima, kifua kimetulia. Mkono wako nauamini. Prosesa yako ni mpya, na draiva yetu, hiyo programu unayoilaumu, bado haijaijua. Kuna prosesa ambazo makusudi hutaja joto kubwa kuliko lao la kweli, ili feni iwahi kukimbia. Draiva ndiyo inayopaswa kutoa hiyo ziada; isipoitoa, kompyuta hudhani inaungua, ikajizima. Ya kwako ni digrii ngapi? Hatujui, maana hakuna kati yetu aliye na prosesa hiyo. Unayo wewe! Kila asubuhi ikiwa imepoa, iwashe, uandike namba yake ya kwanza na joto la chumba. Shemeji Lazhar mwambie namwomba wiki moja tu.

Kaka yako,
Abdelbaki

Wargla, 10 Juni

Kaka wee,

U hali gani? Sisi tunacheka tu. Niliazima kipimajoto cha ghala la tende la baba mkwe. Alinikuta naandika namba, akauliza, "Kompyuta ina surua?" Nikamwambia, "Bado tunaangalia, baba."

Sasa sikia: chumba thelathini na moja, yenyewe sitini. Chumba ishirini na nane, yenyewe hamsini na saba. Siku zote tano, tofauti ishirini na tisa! Nimeishia darasa la saba, lakini kutoa najua. Fanya upesi, Lazhar amekubali mpaka Ijumaa hii tu.

Dada yako,
Umelkheir

Setif, 11 Juni

Umelkheir!

Salamu fupi, nina haraka. Mbili ni za kweli, joto la prosesa kuamka. Ishirini na saba ndizo za uongo. Mabadiliko nimeyaandika, wenzangu watatu wameyasoma wakaridhika. Yaweke leo hii. Sijala tangu asubuhi.

Kaka yako

Wargla, 12 Juni, adhuhuri

Kaka, hujambo?

Prosesa haijambo kupita kiasi. Nje arobaini na sita, chumbani thelathini na sita, yenyewe inasema kumi na nane! Lazhar kauliza kama niifumie sweta. Nimecheka, kisha nikaizima. Ikianza kuungua kweli, si itaniambia bado iko poa? Na itapoaje kuliko chumba ilichomo? Umetoa kupita kiasi. Angalia tena, kesho ni Ijumaa!

Dada yako

Setif, 12 Juni, alasiri

Dada yangu,

Uzima ninao, uso ndio sina. Nimetoa mara mbili: mwanzo wa draiva, na tena mwisho wake. Wasomi wanne tumeipitia, hakuna aliyeona. Toleo jipya hili hapa. Na kwa utaratibu wetu nimeandika juu yake jina kamili la aliyegundua kosa na kuijaribu. Ni lako. Litabaki humo.

Kaka yako mwenye haya,
Abdelbaki

Wargla, 14 Juni

Kaka mpenzi,

Wazima, tena wazima mno! Jana imechora tangu asubuhi hadi alasiri bila kuzimika. Joto halikupita sabini na nane. Ua zima, na la pili, na ukanda wote wa kifuani!

Saa kumi mnunuzi akabisha hodi, kumbe Lazhar alishamwita. Nilikuwa jikoni na Hadil mgongoni, nikasimama pale pale, sufuria mkononi.

"Haiuzwi, ndugu yangu," nikamsikia Lazhar.

"Juzi si ulisema tanuri?"

"Nilisema. Ingia unywe chai, nikuonyeshe jina la mke wangu."

Dada yako,
Umelkheir