Risasi za Kurudi Nazo

Mount Druitt, Sydney
7 Julai 2014

Kipchumba wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye treni nikitoka zamu kule nyumba ya wazee. Hapa ni baridi, ingawa nyinyi wa Alaska mngeicheka.

Umeuliza marehemu baba yangu alitumia risasi gani alipokuwa askari wa wanyamapori kule Meru, maana kambi unayoilinda imezungukwa na dubu. Zilikuwa nzito, ngumu, za pua butu. Hizo nyepesi ulizoonyeshwa dukani ni za swala. Zinapasuka zikigusa ngozi tu. Dubu akikujia mbio unataka inayopenya mpaka ivunje mfupa. Usidanganywe na muuzaji anayesifu kasi.

Kurasa mbili za risasi, Kip! Kuhusu kuja kwako Desemba, hata mstari mmoja. Mkataba umeongezwa tena, sivyo? Ungesema tu.

Baba akitoka doria alikuwa anazipanga risasi zake mezani, na mama hakuwa anapakua chakula kabla hajazihesabu. Zikipungua, lazima aambiwe baba alikutana na nini huko porini. Zikitimia, alimpakulia kimya kimya, kipande kikubwa cha nyama juu.

Basi nunua ishirini. Najua hutaruhusiwa kupanda nazo ndege, kwa hivyo ziache hukohuko. Njoo mikono mitupu, hata ukichelewa. Mimi sitahesabu kitu. Nitapakua.

Ni mimi ninayekuwekea sahani,
Nkatha