Ufa Hauonekani Saa Saba Mchana

Jumatatu, 3 Machi
Simu yangu imeingia mtaroni. Mkaguzi wa mitaro mzima, miaka kumi na tisa kazini, na simu inaniponyoka inaenda na maji machafu huku naiangalia! Mhandisi hakugomba. Alifungua kabati la mafaili akatoa kamera ya ofisi, ile nyeusi ambayo hakuna aliyeigusa tangu bosi wa kabla yake. Kamba ilishakatika, akaifungia uzi wa mafaili na kunivalisha shingoni kama medali. Wenzangu walicheka mpaka chai ikawatokea puani.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi kuu wamejibu ripoti yangu. Mara ya tatu sasa! Kile kidaraja cha nyuma ya soko, wanachopita watoto wa shule na wapagazi na magunia yao — “picha iliyoambatishwa haionyeshi ufa wowote.” Haionyeshi! Nimeingiza vidole vyangu vinne kwenye ufa huo, vikazama.

Mchana saa saba nimekwenda na kamera kuwakomesha. Nikapiga thelathini. Nimezitazama kompyutani: saruji, saruji, saruji. Uji mtupu. Kumbe hawakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumbani mume wangu, Baba Pacha, ameuliza, kazi? Nikasema nzuri. Basi. Tangu mapacha waende chuo mwezi wa kwanza tunaongea kama watu waliokutana kwenye foleni.

Jumatano, 5 Machi
Nimemeza aibu nikaenda kwa Bi Mkao, yule mpiga picha za harusi aliye mkabala na ofisi. Jina amelipata kwa kupigia maharusi kelele: mkao! mkao! Studio yake ina pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na miwani yake imeshikizwa na plasta.

Aliziangalia picha zangu akacheka mpaka akashika meza. “Mwanangu, umepiga saa saba! Saa saba hata bibi harusi hana pua.” Akachukua tochi na kipande cha mkate. Alipoumulika mkate kutoka juu, mkate laini. Akaishusha tochi ubavuni — loh! Kila kitundu kikatokeza na kivuli chake. Jua likae ubavuni, anasema, lisikae utosini. Na upige goti. Na ukibonyeza usipumue.

Nimerudi ofisini nikimulika kila kitu. Mhasibu amenifukuza.

Alhamisi, 6 Machi
Saa kumi na mbili na robo nilikuwa tayari njiani, viatu vya mvua, kamera kifuani. Sijawahi kuuona mji huu! Miaka kumi na tisa nimetembea nikiangalia chini, kutafuta kilichobomoka. Leo barabara ile ile, na kila kokoto lina kivuli kirefu kama cha mtu mkubwa. Mbele ya duka la vipuri kulikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi wingu la rangi ya waridi. Nikapiga goti. Nikapiga picha arobaini na moja. Mwenye duka akauliza mama, umeangusha nini?

Nilipokumbuka ufa, jua lilishapanda. Nilipiga tatu nne za haraka, zote zimetikisika. Sina mikono ya kutulia, ndiyo ukweli.

Lakini lile dimbwi!

Jumamosi, 8 Machi
Nilikuwa nimeegemeza kamera juu ya sufuria, juu ya kigoda, nikijaribu kutopumua. Baba Pacha alisimama mlangoni muda mrefu. Unafanya nini? Nikamweleza yote — ofisi kuu, mkate wa Bi Mkao, mikono yangu. Nadhani tangu Januari sijamwambia maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo. Akaenda karakana.

Jioni amerudi na stendi! Miguu mitatu ya bomba, kichwani bamba na skrubu inayoingia sawasawa chini ya kamera. Amepima mwenyewe nilipokuwa bafuni. Fundi wa mageti akitengeneza stendi, anatengeneza geti: mwizi atakayeiiba aje na winchi. Nimecheka, naye amecheka, tukashindwa kula.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Nimekaa dirishani kama paka.

Jumanne, 11 Machi
NIMEUPATA.

Nimsimulie nani ila daftari? Stendi sikuweza hata kuinyanyua, kwa hiyo Baba Pacha aliitia begani na tukashuka wote mpaka chini ya kidaraja. Bado kiza kidogo, maji mpaka vifundoni. Tukaiweka. Tukangoja. Mimi nilitaka kubonyeza tangu mwanzo, ila Bi Mkao aliniasa: ukibonyeza mapema utachoka kabla ya mwanga kufika. Tumengoja kama dakika hamsini, bega kwa bega, bila neno, lakini hakikuwa kimya kile cha nyumbani.

Saa moja kasoro, jua likapenya pembeni mwa nguzo na kutambaa ukutani polepole, kama mtu anayepapasa njia. Likafika kwenye ufa. Ufa ukafunguka. Mdomo! Ulikuwa na meno kabisa!

Tatizo, chini kulibaki giza totoro. Nikaanza kulalamika. Baba Pacha akachomoa kwenye mfuko wake kipande cha bati jipya, akakinga jua na kulirushia ndani. Nikamuuliza umejuaje? “Mimi ni fundi wa kuchomelea, mke wangu. Mwanga umeshanichoma macho mara ngapi?” Kushoto kidogo! Umezidi! Shusha! — Mikono imechoka! — Vumilia! Tumegombana kwa raha mpaka watoto wa shule wakachungulia kutoka juu. Nilichomeka kitana changu kando ya ufa ili wajue upana wake. Nikaacha kupumua. Nikabonyeza.

Picha sita tu. Zote sita zinaongea.

Jumatano, 12 Machi
Mhandisi alizitandaza mezani. Chai yake ikapoa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, na watu wanapita hapa? Nikasema hata sasa hivi, bosi. Akapiga simu ofisi kuu mbele yangu, hakuandika barua.

Katika karatasi zile lilichanganyika dimbwi langu. “Na hii ni ripoti ya nini?” Ya dimbwi, bosi. “Mama Pacha, dimbwi zuri namna hii nani atakubali kulifukia?” Amelibandika ukutani juu ya kiti chake. Nimejifanya sijali. Nimepita mlangoni pake mara saba.

Ijumaa, 14 Machi
Wamefunga kidaraja. Wataalamu walikuja jana, wakaona, kamba nyekundu ikavutwa saa ile ile. Ukarabati unaanza wiki ijayo.

Nilidhani nitashangiliwa. Thubutu! Watu wanazunguka mbali sasa, na matusi nimeyapata ya kutosha. Mpagazi mmoja, gunia mgongoni, jasho mpaka kwenye kope: “Ndiye wewe mama wa kamera uliyetufungia njia?” Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama. Akatua gunia. Akauliza, hapa ndipo ninapopita? Kila siku? Kisha akakaa juu ya gunia lake. Binti yake hupita hapo pia, anasema, darasa la pili. Aliponyanyuka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka akizunguka njia ndefu.

Sijapata kupiga picha ya mtu. Leo sikupiga pia. Lakini uso ule ninao.

Jumamosi, 15 Machi
Ofisi kuu wanataka vidaraja kumi na kimoja vya milimani vipigwe picha “kwa ubora ule ule.” Gari la ofisi, siku nne. Nimemwambia Baba Pacha nikihofia atanuna. Akauliza, na stendi nani atakubebea? Ameshaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana: NIMESAFIRI.

Jumanne, 18 Machi
Milimani. Kidaraja cha tatu. Naandikia gotini, vidole baridi. Dereva anakoroma garini.

Ukungu umejaa bondeni mpaka ukingoni, kidaraja kinaelea juu yake peke yake. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Nimeweka kila kitu tayari, nikarudi nyuma mara moja kuitoa betri ya akiba kwenye mkoba. Baba Pacha akasema hebu nipishe nione.

Ameona.

Nimemwambia haya, lete sasa. Akasema subiri. Jua limegusa mti wa kwanza ng'ambo. Nimemwambia baba, lete kamera, mwanga huu haungoji mtu! Hata hakugeuka. Ameinama, amepiga goti kwenye umande na suruali yake nzuri, mdomo wazi kidogo. Ukungu unaanza kupasuka katikati. Nimesimama nyuma yake kabisa, naweza kumsukuma.

Ameacha kupumua —