Sauti Yako Katika Tableti za Watoto

Bibi yangu mpenzi,

Bado naisikia ile "Abee" ya mama. Aliitikia akiwa jikoni, akaweka upawa chini, akaja hadi mlangoni akijifuta mikono, ndipo akakumbuka kwamba tumekuzika. Iliyoita ni tableti ya maktaba, mapajani mwangu: wewe, ukiigiza mama wa kwenye hadithi. "Mwanangu wee, njoo."

Nakumbuka siku niliyokupeleka maktaba, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Klabu yetu ya watoto ilikuwa na vitabu vya Kireno tu, nami nilitaka wasikie hadithi zako kwa lugha ya nyumbani, hata wale wa kijiji cha Quitunda wanaotufuata kwa simu za wazazi wao. Ukakataa. Hadithi za mchana, ulisema, huotesha watu pembe; na maktaba hufungwa alasiri. Nilidhani yameisha. Wewe ukavua kanga yako ya juu, ukaagiza zitafutwe nyingine, tukafunika madirisha yote.

"Bibi, usiku huu mbona una maua?" Fátima, mmoja wa watoto wa klabu, akauliza.

"Wa kwenu una mbu. Kaa chini."

Walicheka mpaka ikabidi nianze kurekodi upya.

Baada ya msiba niliendelea kuzifungua hadithi zako kila Jumamosi. Nilijiambia kwamba nakuweka hai, na wazo hilo lilinipendeza kiasi kwamba sikumtazama mama. Maktaba iko njiani mwake kwenda sokoni. Kumbe alishaanza kuzunguka njia ya nyuma, hata na mzigo kichwani. Hakusema kitu mpaka siku ile ya tableti. Alikaa kizingitini, akaniuliza taratibu, "Utaniita kwa sauti yake mpaka lini?"

Watoto walikutaka wewe. Na mimi, Bibi, nilikutaka kuliko wao.

Basi nakuaga kwa habari hii, nikijua ungenielewa kabla sijamaliza. Jana niliziondoa sauti zako kwenye tableti zote. Hadithi zimebaki, nimezisimulia upya mwenyewe, nikikwama pale ulipokuwa ukiimba. Fátima amesema wewe ulikuwa unatisha zaidi. Nimemwambia ni kweli. Sauti zako nimezihamishia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nikampa mama. Ameipokea kwa mikono miwili. Hajaniuliza inafunguliwaje.

Mjukuu wako